Nani anataka serikali ndogo? Jibu kwa mama wa soko la Kenya

Swali: "Papa profesa, jambo yenu. Mimi ni mama wa soko la Kenya, nauza unga na maharagwe. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu vita haviishi. Kaka yangu yuko Marekani. Anasema yeye ni wa upande unaotaka serikali ndogo: kodi ipungue, kampuni ziachwe zifanye biashara. Lakini huyo huyo anashangilia serikali ikiamua kwenye pasipoti nani ni mwanamume na nani mwanamke. Mke wake naye anasema serikali iondoe mkono kwenye miili ya watu, na kabla hajameza mate anataka serikali iwabane matajiri. Wanalala nyumba moja hao. Nani kati yao anataka serikali ndogo? Na sisi wa Lubumbashi inatuhusu nini? Neno la mwisho: wiki iliyopita nilienda kuomba mkopo kwenye shirika moja la akiba, karani akaniambia nilete barua ya bwana yangu. Hiyo ni serikali au ni ubepari?"

Jibu:

Mama, jambo sana. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipoona kwamba maswali mawili ya kwanza umeyapanga ili yanifikishe kwenye la tatu. Basi nitafuata njia yako. (Kwa wasomaji wa mbali: Kenya anayoitaja mama ni komine, yaani sehemu ya mji, ya Lubumbashi yetu huku Kongo, si nchi ya Kenya.)

Hakuna kati yao anayetaka serikali ndogo. Kaka yako anataka mkono wa serikali uwe mfupi dukani na mrefu kwenye ofisi ya kuandikisha vizazi. Wifi yako anautaka kinyume. "Serikali ndogo" ni koti ambalo mtu hulivaa akiguswa yeye, akalitundika ukutani akiguswa jirani. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Kila mmoja ana hoja yake, na ukiielewa utaona kwamba hajipingi kama unavyodhani.

Kwa kaka yako, kuwa mwanamume au mwanamke ni jambo lililokuwepo kabla ya serikali yoyote, kama mlima. Serikali inachora ramani tu. Ikiandika kile mkunga alichokiona siku ya kuzaliwa, kwake haijajiongezea nguvu yoyote, imeandika kilichopo. Ndiyo maana siku Donald Trump alipoapishwa, 20 Januari 2025, akatia saini amri kwamba serikali ya Marekani inatambua jinsia mbili tu na kwamba hazibadiliki, watu wa upande wa kaka yako hawakuona serikali ikipanuka. Waliona ikirudi kwenye ramani. Tangu 2022 raia wa Marekani aliweza kuchagua herufi X kwenye pasipoti. Baada ya amri hiyo mlango ukafungwa, na 6 Novemba 2025 Mahakama ya Juu ikaruhusu ubaki umefungwa wakati kesi inaendelea.

Wifi yako anauweka mlima wake mahali pengine. Kwake kilichotangulia serikali ni mtu na mwili wake, na jinsi anavyojijua mwenyewe ndani ya mwili huo. Soko ndilo analoliona limetengenezwa. Nani aliyeamua kwamba kampuni ikifilisika, mwenye hisa hapotezi nyumba yake? Sheria. Nani anayelinda hati ya kiwanja? Mahakama na polisi. Basi kumtoza tajiri, kwake, ni serikali kugusa kitu ambacho yenyewe imekijenga. Lakini ikimlazimisha mtu mwenye sura ya mwanamke kubeba pasipoti iliyoandikwa mwanamume, akaumbuliwa mpakani mbele ya foleni nzima, hapo imeingia mahali ambapo haikujenga kitu.

Siku nyingine wakianza, waulize: kwenu ninyi, ni nini kilichokuwepo kabla ya serikali? Wataachana na pasipoti kwa dakika kumi, na huenda ndiyo mara ya kwanza watasikilizana.

Usiamini pia kwamba kambi ni mbili na zimejipanga sawasawa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumfukuza mtu kazi kwa sababu ni shoga au amebadili jinsia ni kuvunja sheria ya ajira ya 1964. Aliyeandika hukumu hiyo ni jaji Neil Gorsuch, aliyeteuliwa na Trump mwenyewe. Uingereza, 16 Aprili 2025, Mahakama ya Juu ilisema neno "mwanamke" katika sheria ya usawa ya 2010 lina maana ya jinsia ya kuzaliwa. Walioleta kesi ni kikundi cha wanawake wa Scotland, na katika mapambano hayo wamo wanawake wa mrengo wa kushoto kabisa, wanaochukia ubepari kuliko wifi yako. Grupu lenu lina watu wawili wanaopigana. Huko kuna kambi sita au saba, na baadhi zinakula sahani moja bila kupendana.

Nusu ya ugomvi wao haiingii katika Kiswahili. Mwanafunzi wangu mmoja alijaribu kutafsiri video ya Wamarekani waliokuwa wakigombana juu ya kiwakilishi: huyu aitwe kwa neno la kiume au la kike? Akaandika "yeye", akafuta, akaandika tena "yeye", akaja ofisini na karatasi imechafuka. "Papa, hawa wanagombania nini?" Kwetu mtu amefika, amekula, amelala, na kitenzi hakimuulizi ana nini chini ya nguo. Lakini lugha isikudanganye kwamba mipaka hatuna. Tunayo kila mahali isipokuwa kwenye kitenzi. Angalia karata yako ya kura, ile unayoitoa kila unapoombwa kitambulisho: kuna herufi moja pale, nayo hukuulizwa.

Ndugu zetu wa Kasai wana neno wanalomwita shangazi: *tatu mukaji*, yaani baba mwanamke. Siku ya mahari anakaa upande wa akina baba na kusema kama baba, na mahari isipomridhisha, mnaweza kurudi nyumbani na mbuzi wenu. Nimesikia vijana wakimtumia kama ushahidi kwamba mababu walikubali kila kitu. Nimesikia mchungaji akisema kwa Waafrika kazi ya baba haijawahi kushikwa na mwanamke. Wote wawili wamemvuta shangazi kupita kiasi. Anashika kiti cha baba, na jioni anarudi kwa mume wake akiwa yule yule.

Sasa ubepari. Kaka yako anaamini kwamba kampuni ikiachwa huru haitaingia chumbani mwa mtu. Katika miji yote ya dunia, kumweleza hivyo mtu wa Lubumbashi ni vigumu zaidi.

Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba ya enzi ya Wabelgiji, ilianzishwa 1906 na mji wetu ukafuata 1910. Mwanzoni kampuni ilitaka wanaume tu, wapweke, wa mkataba wa miezi michache, wengi wakitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka, na kuwatafuta wapya kila mara kulikula fedha. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilikaa chini ikapiga hesabu, ikaona kwamba mfanyakazi mwenye mke hatoroki. Basi ikaanza kuwaoza. Ilikopesha mahari. Ikajenga kambi zenye nyumba za familia, ikagawa posho kwa mke na kwa kila mtoto, ikafungua hospitali ya uzazi, ikapima watoto uzito, ikafungua nyumba za mafunzo ambako wanawake walifundishwa kushona na kupiga pasi. Bibi yangu alisimulia hayo kwa fahari: mstari wa posho asubuhi, kopo la unga likijazwa hadi juu na kukwanguliwa kwa ubao, mafuta ya mawese, maharagwe, samaki wa chumvi, na karani akitoboa karata. Alijua uzito wa kila mtoto wake kwa gramu, na mimi mpaka leo sijui uzito wangu wa kuzaliwa.

Umeona kilichofanyika? Hakukuwa na bunge lililopiga kura kwamba mwanamume ni mtu wa mshahara na mwanamke ni mtu wa nyumba. Vijijini mama ndiye aliyekuwa akilima na kuilisha nyumba. Kambini akawa jina kwenye karata ya mume. Jinsia yake haikubadilika hata nywele moja, lakini maana ya kuwa mwanamke ilibadilika ndani ya kizazi kimoja, kwa sababu ya hesabu ya gharama za kuajiri. Na serikali ilikuwa wapi? Ilikuwa mlangoni na bunduki. Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma kudai mshahara, askari wa serikali ya kikoloni waliwafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira, hapa hapa mjini.

Mwaka 1967 Mobutu aliitaifisha kampuni, baadaye ikaitwa Gécamines. Mwenye mali alibadilika, karata ya posho haikubadilika. Wazee walisema "Gécamines njo baba, njo mama", yaani ndiyo baba, ndiyo mama, na hawakuwa wanatania. Ndiyo maana mimi hunyamaza mtu anaponiambia kwamba dawa ya ubepari ni kuipa serikali kila kitu, na hunyamaza vile vile anaponiambia kinyume. Tumekula posho ya wote wawili.

Mobutu ndiye anayelijibu swali lako la kwanza vizuri kuliko Mmarekani yeyote. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 alikataza majina ya Kikristo, akawavua wanaume suti na tai akawavika abacost, koti lisilovaliwa na tai, akawakataza wanawake suruali na sketi fupi. Mwanamke wa kweli alipaswa kuvaa kitenge. Halafu 30 Novemba 1973 akatangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yanachukuliwa na Wazaire, jina letu Wakongo wakati ule. Mkono mmoja kwenye kabati la nguo, mkono wa pili kwenye droo ya fedha, na mwenye mikono ni mmoja. Nguvu ya serikali haina kulia wala kushoto. Ikipata nafasi ya kwanza, hutafuta ya pili.

Huko Marekani nako mambo yamepinduka mara kadhaa. Mwaka 2016 jimbo la North Carolina lilipitisha sheria ya nani aingie choo kipi katika majengo ya umma. Kampuni ya PayPal ikafuta mpango wa kufungua kituo cha kazi 400 mjini Charlotte, na NBA, ligi ya mpira wa kikapu, ikaondoa mchezo wake mkubwa wa 2017 pale. Siku hizo watu wa kushoto walishangilia nguvu ya mabepari, na watu wa kulia wakalia kwamba kampuni zinawatawala raia bila kupigiwa kura. Mwaka 2022 Disney ilipinga sheria ya Florida iliyozuia masomo ya mambo ya jinsia katika madarasa ya watoto wadogo. Gavana Ron DeSantis, mtu wa chama cha biashara huru, akainyang'anya Disney uwezo wake wa kujiendeshea eneo lake. Ilipofika Januari 2025, upepo ulipogeuka, Meta, wenye Facebook, na Target, wenye maduka makubwa, zilipunguza haraka mipango yao ya kuajiri watu wa aina mbalimbali. Wale waliodhani kampuni imeokoka walishangaa. Kampuni ilikuwa inaangalia tu mteja yuko upande gani, na safari hii mteja mkubwa alikuwa Washington.

Mwulize kaka yako pia juu ya Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta. Agosti 2025 serikali ya chama chake ilichukua karibu 10% ya hisa za kampuni hiyo. Katika vitabu nilivyosomeshwa, jambo hilo lina jina, na jina lenyewe si "soko huru".

Kwetu serikali imefanya kitu kama hicho kwa kobalti, madini ya betri. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, bei ilikuwa imeanguka, na 22 Februari 2025 serikali ikafunga mlango wa kuisafirisha nje. Kuanzia Oktoba mlango ukafunguliwa kwa kipimo: tani 96,600 kwa mwaka, kwa 2026 na 2027. Bei ilipanda. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa haki: mwenye mali ana ruhusa ya kukataa kuiuza bure. Lakini wewe unauza unga, unajua nani aliyekopa gunia katika miezi hiyo. Mwenye kampuni alikuwa na ghala la kusubiria. Mchimbaji wa Kolwezi anayeuza leo ili ale leo hakuwa nalo, na mke wake ndiye aliyekuja kwako na maneno matamu.

Juu ya watu wanaoitwa mashoga, au waliobadili jinsia, hapa kwetu niseme kidogo, kwa sababu najua ndiko grupu lenu litakakokimbilia. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni kwa mtu wa jinsia tofauti. Kanuni ya adhabu haina kifungu kinachoutaja ushoga kuwa kosa. Kinachotumika ni kifungu cha 176, cha kuvunja maadili hadharani. Maneno yake ni mapana kama anga, na sheria yenye maneno mapana haiishi kwa jaji. Inaishi kwa polisi mmoja, usiku, akiwa na njaa. Hiyo ndiyo serikali ndogo kuliko zote nilizowahi kuziona, na sijui mtu aliyewahi kuifurahia.

Sasa karani wako.

Mwaka 1987 nchi yetu ilipata Kanuni ya Familia. Kifungu cha 444 kilimweka mume kuwa kichwa cha nyumba, na cha 448 kilisema mke anahitaji idhini ya mume kwa vitendo vya kisheria vinavyomfunga yeye mwenyewe. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya nyumba ya kambi: baba ana mshahara, mama yuko kwenye karata yake. Lakini tazama kilichotokea baada ya wino kukauka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikikaribia tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1994 uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Nani alilisha mji katika miaka hiyo? Unajua, kwa sababu pengine meza yako ya soko uliirithi kutoka kwake. Akina mama walitoka na mikate, na makaa, na unga kwa kopo. Baba alikaa barazani na redio. Ukifika wakati huo mtaa wa Gécamines au Katuba, hapa mjini, saa nne asubuhi, ungekuta wanaume wakilea watoto, wakiona haya mgeni akipita. Ubepari ulioanguka uliwageuza baba na mama kuliko mwanaharakati yeyote wa jinsia aliyewahi kupanda jukwaani. Na miaka yote hiyo, kwenye karatasi, mama aliyelisha nyumba aliendelea kuhitaji idhini ya mume aliyelishwa naye.

Hali hiyo ilidumu hadi sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016. Mume bado anaitwa kichwa cha nyumba. Lakini kifungu cha 448 sasa kinasema wanandoa *wakubaliane* juu ya vitendo vya kisheria vinavyowafunga. Hawakuandika "mke aombe". Waliandika wote wawili.

Kwa hiyo barua aliyoidai karani ni mtoto wa wazazi wawili. Serikali iliizaa 1987, na shirika linaendelea kuilea kwa sababu lina faida nayo: ukishindwa kulipa, lina saini ya mtu mwenye kiwanja. Kaka yako atasema liachwe, ni biashara yake. Wifi yako atasema serikali ilipige faini. Mimi nakushauri jambo la bei nafuu zaidi. Nenda sehemu wanakotoa fotokopi, chapisha ukurasa wenye kifungu cha 448 kipya, kipigie mstari. Rudi kwa karani yule yule, asubuhi, kabla foleni haijajaa. Usigombane. Mwambie uko tayari kuleta barua ya bwana yako, maana sheria inataka mkubaliane, na bwana yako hana neno. Halafu muulize, kwa sauti ya kawaida, wanaume waliokopa hapo mwezi huu, barua za wake zao zimewekwa kwenye faili lipi.

Niandikie alichokujibu.